Ombi la Kuhesabiwa Kuwa Gari

Temeke, Dar es Salaam
Mwezi wa Juni, 1954

Kwa Shemeji Revelian, Tabora.

Shikamoo, shemeji. Uniwie radhi kwa kukawia hivi kukujibu. Barua zako zote zimefika na zipo juu ya kabati, lakini kila nikishika kalamu, ama mtoto analia ama bomba linatoa maji. Leo homa imenilaza, na mtu aliyelazwa hana udhuru wa kutoandika.

Katika barua zako umeuliza hali ya gari ulilotuachia ulipohamishwa. Mara ya kwanza uliuliza breki. Mara ya pili uliuliza breki na kutu. Baadaye ukauliza kama linalala kivulini. Sasa, wewe ndiwe uliyesimama mbele ya wazazi wangu ukaniposa kwa niaba ya mdogo wako Didas, na wewe ndiwe mwenye gari, kwa hiyo nakuletea habari za sote wawili kwa pamoja. Maana humu nyumbani tumekuwa wawili. Jirani yangu Somoe huliita gari Bi Mkubwa. Asubuhi akipita uani huniuliza, "Shoga, mwenzio kaamkaje?"

Ombi langu nalitanguliza. Naomba, kwa mamlaka uliyo nayo juu ya ndoa hii, uamuru kwamba tangu sasa nihesabiwe kuwa gari. Sababu nazipanga kwa namba, kwa kuwa Didas husema wanawake wakilalamika hawana mpango.

1. Kutetemeka. Masika yalipokwisha, gari lilianza kutetemeka kila likishikwa breki. Siku ya kwanza tulikuwa tunatoka shambani Chanika, tumeshateremka milima ya Pugu, na tulipofika Buguruni akina mama wauza ndizi wakavuka barabara. Didas akakanyaga breki, usukani ukatikisika mikononi mwake kama ungo unaopeta mchele. Alirudi nyumbani asile. Kesho yake akaomba ruhusa kazini. Basi siku zizo hizo nami nikaanza kutetemeka kwa homa, meno yanagongana hata mwanangu Tekla akadhani natafuna karanga, akaomba. Didas akaniambia ni kipupwe tu, nijifunike.

2. Uchunguzi. Gari lilipotetemeka liliitiwa baraza. Alikuja Albano, karani mwenzake Didas, amevaa kaptula ya kazini iliyopigwa pasi. Walilipeleka barabarani wakalishika breki taratibu, kisha kwa nguvu, huku wakiulizana: mtikisiko unausikia kwenye usukani au kwenye kiti? Kwa nilivyowasikia, ukiwa kwenye usukani ugonjwa uko magurudumu ya mbele, ukiwa kwenye kiti uko ya nyuma. Ulikuwa kwenye usukani. Wakakaza nati, wapi. Wakalipandisha kwa jeki, wakalishika gurudumu juu na chini wakalitikisa wajue kama beringi imelegea. Haikulegea. Ndipo wakalizungusha polepole, Albano ametega sikio na macho kayafumba kama yuko misani. Likawa linasugua hapa, halisugui pale, likirudi linasugua hapa tena. Wakatazamana kwa huzuni.

Mie hakuna aliyeniuliza nausikia wapi. Ningesema nausikia mabegani, nausikia na kiunoni. Kwa hesabu yao, basi, mimi nimeharibika mbele na nyuma.

3. Viatu. Gurudumu lilipovuliwa ndipo nilipojua kuwa gari lina viatu. Ndani ya gurudumu mna chuma cha duara kama sufuria, wanakiita ngoma, na ndani ya ngoma mna viatu viwili. Ukikanyaga breki vinatanuka vinaibana ngoma, gurudumu linasimama. Didas aliona soli zake zimelika, akasikitika sana, akaliagizia vingine kabla jua halijatua. Nayasema haya bila wivu. Miguu yangu inaijua njia ya bombani bila kiatu, na mpaka leo haijakosea.

4. Mzigo. Didas hakubali gari libebe zaidi ya watu wanne, springi zisije zikachoka. Siku mjomba wake alipotaka kupanda awe wa tano, alimwambia kwa adabu, "Mjomba, chuma nacho kina roho." Mimi nina Apolinari mgongoni, debe kichwani, Tekla mkononi, na mengine si ya kumwandikia shemeji.

5. Maji. Hapa nakuomba usome kwa kutulia, maana ndipo penye neno lenyewe. Kwetu, kama ujuavyo, msafiri akifika hupewa maji anawe miguu kabla hajaketi. Ni desturi njema. Didas akaona kwamba gari nalo ni msafiri, limepanda Pugu na kushuka, si haki lilale na miguu michafu. Kwa hiyo akirudi tu, kabla chuma hakijapoa, hupiga honi, nami hutoka na debe nikayamwagia magurudumu maji. Yalikuwa yakitoa mvuke na kulia kama mafuta ya moto, na Didas akifurahi, "Sikia linavyoshukuru."

Basi ile ngoma ikapelekwa mjini kwa fundi Najmuddin. Akaipima, akauliza neno moja tu: nani anayemwagia maji breki za moto? Kwa kuwa chuma kilichoungua kikikutana na maji ya baridi hupinda. Hakiwi duara tena, na viatu vikikibana vinakuta mlima na bonde kila mzunguko, ndio huo mtikisiko. Nami nikakumbuka kikaango changu, nilichokimwagia maji kikiwa cha moto, tangu hapo hakitulii mafigani, kinacheza peke yake.

Didas aliporudi alinitazama, akamwambia Albano nami nipo, "Nilijua tu. Ni huyu." Ni kweli, shemeji, sikatai. Mkono uliomwaga ni wangu. Aliyepiga honi hakuonekana.

Lakini tazama haki ilivyo. Maji yaliyolipinda gari kwa kumwagiwa ndiyo yaliyonipinda mimi kwa kuyabeba, masika yote, mvua mgongoni na mtoto juu ya mvua. Ugonjwa wetu mmoja, chanzo chetu kimoja. Mganga katafutiwa mmoja.

6. Mapumziko. Hivi sasa gari limewekwa juu ya mawe, chini ya banda jipya la makuti, halina kazi mpaka ngoma ichongwe kwa mashine irudi duara. Watoto wamekatazwa kupiga kelele karibu yake. Limefunikwa turubai, na turubai hilo ndilo lililokuwa likiziba paa upande wangu wa kitanda.

Kwa hiyo, shemeji, nikishahesabiwa kuwa gari, naomba yafuatwe yaleyale. Nikitetemeka nisimamishwe kazi palepale. Nipelekwe hospitali, kama ngoma ilivyopelekwa mjini, tena upesi. Nisibebeshwe kupita kiasi. Nilazwe pasipovuja. Na atakayenipigia honi abebe debe mwenyewe. Sitaki makuu. Hata petroli sidai.

Usidhani Didas ni mtu mbaya. Juzi alitoka kuangalia kama gari limefunikwa vizuri, na alipoingia ndani akanifunika nami kwa koti lake la kazini, akasema pole, mama Tekla. Nikalia kidogo, akadhani ni homa. Moyo anao, shemeji. Tatizo ni kwamba huupitisha uani kwanza.

Nisalimie mkeo na watoto, na majirani zako wote wa huko, hata wale wasionijua, maana nao yawezekana wana magari.

Mimi shemeji yako, ninayengoja kuwa gari lako,
Genoveva Kokushubila

Nyongeza. Bahasha sijaifunga, Didas amerudi kutoka mjini. Fundi Najmuddin anasema ngoma haichongeki. Imekwisha kuchongwa huko nyuma, tena enzi zako, chuma kimekuwa chembamba, ikichongwa tena itapasuka njiani. Nilidhani Didas ataanguka. Hakuanguka. Ameketi, ameomba chai, na amesema kwa sauti ya upole kabisa kwamba kitu kikishazeeka kikaanza kutetemeka hakitengenezwi. Mtu hukiuza akatafuta kipya. Na kwamba huko Kiwalani ameliona moja, umbo zuri, halijachoka, wala halina kelele. Somoe alikuwa mlangoni, amecheka mpaka akashika nguzo.

Tafadhali, shemeji, yafute yote niliyoyaandika hapo juu. Ombi nimeliondoa. Nabaki kuwa mtu, mtu mgonjwa lakini mtu, niliyeposwa kwa kinywa chako mbele ya mashahidi. Kwa hiyo ninayohitaji bado uniletee ni haya: dawa ya kwinini ya kunitosha, blanketi zito, mdogo wangu Kokuberwa, akishuka kutoka Bukoba umpandishe treni hapo Tabora aje ashike debe, barua kwa Didas, anipeleke hospitali kabla hajakwenda Kiwalani, na kwangu mimi barua nyingine, iwe fupi haidhuru, itakayoniuliza hali yangu kabla ya kuuliza breki.