Kuhusu Kitufe cha Tatu Kutoka Kushoto

Kwako Ndugu Mhariri wa safu ya maswali ya madereva,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, na kwamba umeketi, maana ukiisoma umesimama utatafuta kiti. Mimi ni yule msomaji aliyekuuliza, kwa heshima zote na kwa mchoro wa penseli, kuhusu kitufe kilichomo kwenye dashibodi ya gari langu. Ulinijibu gazetini kwa sentensi moja: "Kama hujui kazi yake, usikiguse." Basi naomba nikueleze sentensi hiyo imefanya nini nyumbani kwa watu.

Gari lenyewe ni gari-nyumba, yaani lile lenye vitanda, jiko na choo humo humo ndani. Tulilinunua mimi na mke wangu kwa mtu aliyekuwa anahama. Mimi nilikuwa mkaguzi wa mizani mpaka nilipostaafu. Nimefungia maduka ya watu wazito kwa sababu ya kibandiko cha ukaguzi kilichochakaa. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo atakaaje kwenye usukani huku mbele yake kuna kitufe kisicho na jina? Cha kwanza ni taa za ndani, cha pili ni pampu ya maji, cha nne ni feni. Cha tatu kina kijichoro kilichofutika nusu: mstari ulioinama, na chini yake kisanduku. Kitabu cha maelekezo kililiwa na panya. Aliyetuuzia hapatikani kwa simu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jibu lako lilikuwa fupi mno, na pale ulipoacha nafasi kila mtu amejaza utaalamu wake. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni fundi wa majokofu; alikitazama kijichoro akasema ni jokofu lililofunguka mlango. Mama mkwe, ambaye ameshona nguo tangu usichana wake, alivaa miwani akasema ni cherehani iliyovunjika mguu. Mke wangu ni mkunga mstaafu. Yeye alikiangalia kwa muda mrefu, akiinamisha kichwa huku na huku, kisha akatamka kwamba ni mtoto aliyetanguliza matako. Nikawaeleza kwa upole kuwa kila mmoja anaona kazi yake tu, na kwamba mwenye kuangalia bila upendeleo ataona wazi kuwa ni mizani iliyolalia upande mmoja.

2. Kwa kuwa ulikataza kukigusa kitufe, shemeji aliamua kukiendea kwa nyuma. Alifungua dashibodi, akaufuata waya hadi chini ya kiti, akang'oa kiti, akaufuata hadi kabatini, akaliondoa kabati. Waya ukaingia ukutani ukapotea. Akajifuta jasho, akarudisha kila kitu isipokuwa skrubu kadhaa ambazo, kwa maelezo yake, gari halikuwa likizihitaji. Tangu hapo, ukifungua mlango wa choo redio inawaka.

3. Mama mkwe hapiti tena mbele ya gari. Akienda kuanika nguo anazunguka nyumba nzima. Anasema kitu kisichojulikana kazi yake kinaweza kuwa kinasikiliza.

4. Hili ndilo linaloniuma. Binti yetu amejifungua mtoto wake wa kwanza, mbali na hapa, na gari hili tulilinunua kwa ajili ya safari hiyo. Mke wangu, aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa huu, hajamwona mjukuu wake mwenyewe. Mizigo amekwisha kuifunga. Kila asubuhi anaingia garini, anakaa kiti cha abiria, anafunga mkanda na kuweka mkoba mapajani. Mimi nasimama nje na gazeti lako mkononi, namsomea ulichoandika. Jana alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, wala hakupandisha sauti: "Mume wangu, katika watoto wote niliowapokea, hakuna hata mmoja aliyekuja na maelezo ya kazi yake. Niliwashika tu." Kisha akapandisha kioo. Ndugu Mhariri, katika ndoa yetu yote mke wangu hajawahi kunipandishia kioo. Nilibaki pale nje nikijitazama mwenyewe kwenye kioo hicho, na gazeti lako mkononi, na sikuonekana vizuri.

Kwa hiyo naomba uchapishe masahihisho, tena ukurasa wa mbele. Kama hilo ni zito, njoo mwenyewe, ukae kwenye usukani na kukibonyeza, sisi tukiwa upande wa pili wa barabara. Na kama hilo nalo ni zito, basi tumia gazeti lako kuishauri serikali isimamishe kila gari lenye kitufe ambacho mwenyewe hakijui. Natambua kuwa barabara zitabaki tupu. Tukimaliza magari twende kwenye simu, mashine za kufulia, na zile rimoti za televisheni ambazo watu wazima wanazishika kila siku huku wakijua vitufe vitatu tu. Niko tayari kuongoza kazi hiyo bila mshahara.

Wasalimie wachapaji, wasambazaji, na yule dada wa mapokezi ambaye kila nikipiga simu ananiambia umetoka sasa hivi. Mwambie namwamini.

Wako ninayengoja ufafanuzi nikiwa nimesimama nje ya gari langu,

Mkaguzi wa Mizani (Mstaafu)

Baada ya sahihi: Samahani kwa mwandiko, haya nayaandika kwenye meza ya nyuma ya gari, nalo linakwenda. Nilipotoka kutafuta bahasha nilikuta injini inanguruma, mke wangu yuko kwenye usukani, na mama yake amekwisha kukaa dirishani na mto wake. Nilipanda ili niwazuie. Tulipoingia barabara kuu, mke wangu alinyoosha mkono akakibonyeza cha tatu, kama mtu anayewasha taa ya jikoni. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, hakukuwa kumetokea chochote. Kitufe hakina kazi hata kidogo. Nafuta malalamiko yote, isipokuwa lile la redio, na sioni haja ya wewe kujibu.

Safari ni nzuri. Mama mkwe anasema upande wake kumeingia kivuli kipana cha kupendeza, kinachotufuata kila tunakopinda, na kwamba anasikia kama turubai la kibanda linapigwa na upepo ubavuni mwa gari. Na watu wa barabara hii wana adabu ambayo sijapata kuiona: kila gari linalotupita linatupigia honi na kutuwashia taa, na madereva wanatupungia mikono yote miwili. Nasi tunawapungia.