Ombi la Kuisema Vibaya Bia ya Bata Kiwete

Skelbeck, Yorkshire
Jumamosi, tarehe 15 Novemba

Kwa Mhariri,
Mwongozo wa Painti Njema

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ini lako pia. Jina langu ni Wilfred Hainsworth. Niliripoti habari za mahakama kwa miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu. Nimeandika kesi mbili za mauaji na kesi nyingi za wizi wa kondoo, na sijawahi kupandisha sauti. Sitaipandisha leo. Naomba jambo moja tu: katika toleo lijalo, andika kwamba bia ya baa ya Bata Kiwete ni mbaya.

Ukurasa wa 214 wa toleo la mwaka huu unasema hivi: “Bia chungu bora kuliko zote bondeni. Moto wa makaa. Mbwa wanakaribishwa. Mwenye baa ni mcheshi.” Nimeyapima maneno hayo kama nilivyozoea kupima ushahidi. Matatu ya kwanza ni kweli, na hapo ndipo ilipo shida yangu. Uongo ningeukanusha.

Bata Kiwete ina viti kumi na tisa. Kwa miaka ishirini na sita nimekalia kile kilicho kati ya moto na dirisha, nikinywa bia chungu ya Hilda Oddie, anayeipika juu kidogo ya mto, katika banda walimokuwa wakioshea sufu. Bia hiyo hutoka kwenye pipa kwa nguvu ya mkono, haitiwi gesi wala haigandishi meno. Ina rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mwanzoni unapata utamu kidogo wa mkate, kisha uchungu unaingia taratibu na kukaa kooni kama mgeni mstaarabu, anayejua saa ya kuaga. Sijui kama nitaishi miaka mingine ishirini na sita, lakini nilikuwa nimepanga kuimalizia hapo. Sasa nataja malalamiko yangu.

1. Wageni. Kabla ya mwongozo wako, Jumamosi ya kawaida ilikuwa na wanywaji kumi na mmoja na mbwa mmoja, Gladys. Jumamosi ya kwanza baada ya mwongozo nilihesabu sitini na watatu, kila mmoja na kijidaftari chake. Mmoja, mwenye ndevu, aliyejitambulisha kuwa ametoka Leicester, aliinua glasi yake ya painti kwenye mwanga, akainusa kwa dakika moja na sekunde arobaini, akatangaza: “Napata harufu ya maganda ya chungwa. Na kwa mbali, ngozi ya tandiko la farasi.”

Doreen Sugden, mwenye baa, alimjibu bila kuacha kufuta glasi: “Hiyo ya farasi ni Clifford, mpenzi. Sogea upande huu.”

Clifford Murgatroyd ni mfugaji wa kondoo. Alikuwa amekaa nyuma ya huyo bwana, na hakukanusha.

2. Kiti changu. Jumanne iliyofuata nilikuta mtu amekikalia. Unajua, Ndugu Mhariri, kwamba kwetu mtu hamwambii mwenzake ondoka. Unasimama karibu naye na kuzungumzia hali ya hewa mpaka aelewe. Nilisimama kwa saa mbili na dakika kumi. Nilimaliza mvua, nikaenda kwenye ukungu, nikafika kwenye theluji ya miaka ya nyuma. Yule bwana, ambaye ni mtu wa London, alidhani nimempenda. Akaninunulia painti. Ukinunuliwa, lazima ununue. Naye akinunuliwa, lazima anunue. Tulikunywa tano kila mmoja, mimi nikiwa nimesimama. Sasa ameniandikia kwamba atakuja Krismasi na mkewe.

3. Pipa halizeeki. Pipa la bia kama hii likishafunguliwa lina siku tatu. Zamani Doreen alifungua pipa dogo siku ya Ijumaa, na kufikia Jumanne bia ilikuwa na ukali fulani ambao sisi tuliuita tabia. Tuliiheshimu. Sasa wageni wanakunywa kwa kasi hata ameanza kuagiza mapipa makubwa, na kila ninapokwenda nakuta bia imefunguliwa asubuhi ile ile. Mtu wa umri wangu anahitaji kitu cha kudumu maishani.

4. Povu. Kaskazini tunapenda bia iliyovaa povu. Ndiyo maana mdomoni mwa bomba kuna kifuniko kidogo chenye matundu. Bibi mmoja kutoka kusini aliomba hivi: “Samahani sana, mama, unaweza kukitoa hicho kidubwasha? Kinaua ladha.”

Baa nzima iliweka glasi chini. Gladys aliamka.

“Kwenu mnakunywa bia kama maji yaliyokwisha kuosha vyombo,” Doreen akasema. “Hapa haitoki ndani bila kofia.”

“Basi nipe nusu ya kofia,” yule bibi akasema.

Clifford alisimama. Mara ya mwisho kumwona Clifford amesimama kabla ya baa kufungwa, paa lilikuwa linaungua.

5. Doreen mwenyewe. Hili ndilo zito kuliko yote. Mwongozo wako umesema ni mcheshi, naye hakuwahi kuwa mcheshi. Kwa miaka ishirini na sita alinipokea kwa maneno matatu: “Ee, wewe tena.” Tangu atangazwe anajitahidi kutoufedhehesha ukurasa wako. Amevua miwani yake ya chuma kwa sababu, asema, mcheshi havai chuma usoni, na sasa hamtambui mtu hadi amkaribie hatua mbili. Jumanne iliyopita aliniambia: “Karibu, Wilfred! Leo umependeza kweli.” Nilitafuta pa kukaa, na kiti changu kilikuwa na mtu.

Kwa hiyo naomba uchapishe haya: “Bata Kiwete: bia ni ya vuguvugu, mwenye baa ana kisirani, mbwa anauma.” Gladys ana jino moja, lakini nitamshauri.

Kama dhamiri yako inakataa uongo, acha sifa zote kama zilivyo na usogeze tu alama kwenye ramani maili kumi na nne kuelekea magharibi. Hapo kuna bwawa la maji ya mji. Wageni watafika ukingoni, watatazama, watarudi kwao. Waingereza hatulalamiki mbele ya bwawa.

Kama na ramani pia haiguswi, basi isifu kupita kiasi baa ya Nguruwe na Filimbi ya kijiji jirani cha Hagthorpe. Bia yao ina ladha ya maji yaliyolala ndani ya mpira wa bustani, lakini watu wa Hagthorpe wametushinda mchezo wa kurusha vishale miaka sita mfululizo, na ni haki nao wateseke.

Nikisubiri jibu lako, nimechukua hatua ya muda. Wewe ni mtu wa bia, unajua kwamba pipa likiisha, kibao chenye jina la bia kwenye mkono wa pampu hugeuzwa, kikampa mnywaji mgongo. Juzi Alhamisi, saa nane na dakika tano mchana, Doreen alipokwenda kuleta makaa, nilikigeuza. Pipa lilikuwa jipya, la painti mia moja arobaini na nne, limefunguliwa asubuhi hiyo. Bila miwani, Doreen hakuona kitu. Wageni waliingia, wakatazama, wakasema “Aa, imeisha,” na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Wengine waliiomba pampu radhi. Waliagiza laga, ile bia ya baridi na gesi, au waliondoka. Sisi wenyeji tunaagiza kwa kuinua kidole, kama kawaida.

Leo Jumamosi wamekuja wageni wanne tu. Barua hii naiandika nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Huo ni ushahidi kwamba ombi langu linatekelezeka na halimdhuru mtu.

Nisalimie mchora ramani wako, wapiga chapa, na wote wanaoonja kwa niaba yenu. Wasalimie na wake na waume zao, ambao nadhani hawawaoni sana.

Nabaki, kwa heshima na kwa kiu ya wastani,

Wilfred Hainsworth

Nyongeza. Jumanne, saa kumi jioni. Duka la posta limefungwa tangu Jumamosi, kwa hiyo barua bado ninayo. Leo nimeagiza painti yangu. Ilikuwa siki. Nimeagiza ya pili ili kuthibitisha, ilikuwa siki. Sisi wenyeji, kwa juhudi zetu zote, tulikuwa tumekunywa painti hamsini na moja. Doreen amevaa miwani, akamwaga tisini na tatu zilizobaki kwenye mtaro, akanitazama kwa muda. “Watu hawaitaki tena, Wilf,” alisema. “Nitamwambia Hilda asilete lingine. Kuanzia Ijumaa naweka laga tu.”

Nimekigeuza kibao kikatazama watu, lakini hakuna watu. Ndugu Mhariri, tafadhali yapuuze yote yaliyo juu ya sahihi yangu. Usingoje toleo lijalo. Waandikie wasomaji wako kabla ya Ijumaa. Rudia maneno ya ukurasa wa 214, kwa herufi kubwa zaidi, na ramani sahihi. Ongeza kwamba kati ya moto na dirisha kuna kiti kizuri kilicho wazi. Mimi nitasimama kando. Nina mengi ya kusema juu ya hali ya hewa.