Nyumba ya Ushahidi Yafikia Asilimia Tisini na Nne

KINDU. Nyumba ya Ushahidi imekamilika kwa asilimia tisini na nne, alitangaza jana Maître Aimé Mutambala, wakili wa zamani wa mji huu na balozi mstaafu. Ndani yake, alisema, kuna maelezo ya watu 412 wa Pangi na Kabambare aliyoyaandika wakati wa vita, ambayo sasa yanatakiwa mahakamani. Hotuba yake nzima ni hii.

Ekselansi Mwakilishi wa Gavana, Mheshimiwa Mwakilishi wa yule mwakilishi aliyeshindwa kufika, wakuu wa idara, viongozi wa dini na wa kimila, kila mtu kwa cheo chake, na asiye na cheo kwa subira yake: protokole yote izingatiwe. (Makofi kutoka kwenye viti. Waliosimama wanatazama.)

Mwaka 1999, wengine walipokimbilia msituni, mimi nilibaki na mashine yangu ya chapa nikiyapokea mateso yenu kwa utaratibu, kwa nakala moja tu kwa sababu ya upungufu wa kitaifa wa karatasi ya kaboni, na kila mmoja wenu akachovya kidole kwenye wino, nami nikayapeleka maelezo yote, masanduku mawili, ng'ambo kwenye mazungumzo ya amani, ambako kila mjumbe aliulizwa anamwakilisha nani. Nikayaweka mezani, nikapewa kiti. Niliingia nikiwa mdomo wa wahanga, nikatoka balozi. Huo ni ushindi wenu. (Mtu anakohoa.)

(Mama Jacqueline, mkulima wa kijiji cha Kama, Pangi: "Kiti tuliona, Maître. Dosiye ya maelezo yetu njo hatuone. Bwana yangu walimuuaka mbele yangu, na juji anasema bila ile karatasi ya kidole yangu hakuna kesi. Iko wapi?")

Mama, swali lako ni la kimkakati, na limeshughulikiwa kikamilifu katika ripoti ya awamu ya pili, ambayo inasubiri awamu ya kwanza.

(Aboubakar, dereva wa pikipiki: "Ekselansi, utuonyeshe tu mulango." Kicheko.)

Mlango uko katika zile asilimia sita zilizobaki. Nikisema Ushahidi, ninyi mseme Unatunzwa. (Viti vinaitikia.)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru msanii aliyelichora jengo kwenye turubai hii iliyo nyuma yangu, maana bila yeye msingeliona. Namshukuru mwenye kiwanja, aliyeturuhusu kusimama katikati ya mihogo yake, na ambaye hajauza wala hajaombwa kuuza. Naushukuru uongozi wa hoteli ya mazungumzo, ulioniandikia mwaka 2004 kunihakikishia kwamba masanduku mawili niliyoyasahau chumbani yalichomwa kwa heshima zote. Asanteni.

Mahakama itakaa hapa Kindu Jumanne, tarehe 14 Oktoba, saa tatu asubuhi. Kila shahidi anatakiwa kufika na maelezo yake halisi yenye alama ya kidole. Wa kwanza kwenye orodha ni Mama Jacqueline.