Chuma cha Kamanda

Jumatatu, 4 Machi
Fizi za Kamanda zimekuwa nyeupe pe! Kamanda ni mbwa wa shangazi, nami naishi kwa shangazi tangu mke wangu anichoke. Nimempeleka kazini, kliniki ya wanyama, nikatangaza mbele ya daktari: amepungukiwa madini ya chuma. Miaka kumi na saba napima damu za mbwa na paka, jicho langu latosha! Daktari akakaribia kukubali. Ndipo Miwani, ndivyo ninavyomwita binti aliyeletwa maabara juzi na vyeti vyake, akasema kwa upole kwamba tupime kwanza, keshokutwa. Kwa upole! Na cheo cha mkuu wa maabara kinatolewa mwezi huu huu. Simpi nafasi.

Jumanne, 5 Machi
Wazo! Nianze matibabu kimya kimya. Kamanda akichangamka kabla ya kipimo, sifa zote zangu. Alfajiri nimemfichia kidonge cha chuma ndani ya kipande cha nyama. Shangazi ameniona, akaniombea heri. Akasema tangu mumewe afariki, ni mbwa huyu tu anayemsikiliza. Nikamwambia aondoe shaka.

Jumatano, 6 Machi
Vidonge viwili leo, kwa uhakika zaidi. Saa tatu Miwani akachota damu. Mkono mwepesi mno, inakera. Akauliza kama mbwa amepewa dawa yoyote. Nikamwambia hata maji hajanywa.
Majibu: chuma tele, kimezidi! Daktari akanitazama kwa huruma. Akasema chuma kingekuwa pungufu, angeshuku damu inavuja tumboni, pengine minyoo. Kwa kuwa kimejaa, basi tatizo liko kwenye uboho, ndani ya mifupa damu inakotengenezwa. Sampuli imepelekwa mbali, tusubiri wiki.
Miwani aliyanakili majibu daftarini. Dharau tupu.

Alhamisi, 7 Machi
Ukutani maabara kuna tangazo: mnyama asipewe dawa ya chuma kabla ya kipimo, itaonekana kwenye damu hata kama akiba mwilini imekwisha. Mwandiko mzuri sana. Ni wangu.
Kamanda haamki kula. Nimekwenda hadi mlangoni kwa daktari niseme. Sentensi moja tu. Nikamsikia Miwani ndani, anacheka. Nikarudi. Mchana nikapata njia bora: nimedai Miwani alikosea kipimo, kirudiwe. Daktari amekubali, Jumamosi. Siku mbili bila vidonge, ukweli utajitokeza wenyewe, nami nitabaki msafi.

Ijumaa, 8 Machi
Kamanda amekufa saa nne asubuhi, kwenye meza ya kliniki, kichwa mikononi mwa shangazi.
Daktari alimpasua. Utumbo mzima minyoo, damu ilikuwa inavuja siku nyingi. Akasema dawa ya kawaida ya minyoo ingemwokoa. Kisha shangazi akanishukuru mbele ya wote. Akasema hata mtoto wa kumzaa asingemjali mbwa wake hivyo, kumpa vidonge vya chuma kila alfajiri, mpaka siku ile ya kipimo.
Miwani alivua miwani yake, akaifuta, hakunitazama. Daktari alimwita shangazi pembeni, akamweleza yote. Nililia. Kweli, nililia.

Alhamisi, 14 Machi
Nimehamishiwa kuosha vizimba. Miwani ndiye mkuu wa maabara. Shangazi ananipakulia chakula, ananipa mgongo. Tangu Ijumaa ameniambia maneno manne tu: mficha maradhi kilio humuumbua. Nadhani alimsema Kamanda. Ni kweli, yule mbwa hakutuambia lolote.
Nyumba imepoa. Naona uchungu kuingia.
Kesho daktari wa watu anakuja kutupima damu wafanyakazi wote. Nikiinama kizimbani kichwa kinazunguka, moyo unanienda mbio, ngazi tatu tu napumzika mara mbili. Lakini majibu yatapitia mezani kwa Miwani, na mimi hanioni mnyonge! Nimepita duka la dawa, nimenunua vidonge vya chuma vya watu. Vinne alfajiri, na viwili nikiwa kwenye foleni.