Kisu cha Kukunja cha Mzee Sabiri

Jumatatu, 7 Julai 2025
Leo nimepata upenyo! Baba yake Zuleha, Mzee Sabiri, kanunua kisu cha kukunja cha kumenyea machungwa. Kipya, waranti mwaka mzima. Lakini kigumu! Nilipomwamkia shikamoo, aliitikia huku anamenya kwa kucha. Nikamwambia aniachie mimi, kesho kitafunguka kwa bismillahi tu. Akanipa. Ijumaa ndiyo anajibu posa yangu. Badru naye anazungukazunguka pale barazani na pikipiki yake, kisingizio eti kaleta samaki. Pikipiki anayo, ufundi hana.

Jumanne, 8 Julai
Kwenye kiungo cha kisu pamebandikwa kikaratasi: UKIFUNGUA, WARANTI IMEKUFA. Maneno ya kutishia watoto. Nikakibandua kwa mvuke wa birika. Skrubu ya kwanza, salama. Ya pili, salama. Ya tatu ikaachia springi, ikaruka hadi uani kwa kuku wa mama. Tetea mmoja akaidona, akameza! Nimemfukuza mpaka kwa jirani. Mama akauliza kuku kanikosea nini. Nikasema nafanya mazoezi.

Nimekiunga bila springi. Sasa kinafunguka kweli. Ukikiinua, kinafunguka. Ukikitia mfukoni, kinafunguka. Suruali yangu ya Idi basi tena.

Jumatano, 9 Julai
Mpango mpya. Kikaratasi kirudi mahali pake, kisu kirudi dukani Tanga mjini, niseme kimezaliwa hivi hivi. Gundi sina. Lakini nani hapa Kigombe ahangaike na gundi wakati mifenesi ipo? Nikachanja mmoja, nikapata ulimbo ule ule tunaotegea ndege, nikapaka. Umeshika! Mtu wa kiwandani mwenyewe asingejua.

Alhamisi, 10 Julai
Aibu. Abdulghani, mwenye duka, kapitisha kidole juu ya kikaratasi. Kidole kikaganda. Kuvuta, kisu kikafyatuka, wateja wakarudi nyuma. Akanusa kidole, akaniuliza tangu lini kiwanda cha visu kimepanda mfenesi. Kisha akanisomea mbele za watu: kunoa ruhusa, kutia mafuta ruhusa, ukikifungua mwenyewe hakuna waranti. Na ule ugumu? Angelegeza yeye skrubu moja kidogo tu. Bure. Bure!

Nimerudi nyumbani karibu nilie. Posa yangu inakwenda na maji kwa ajili ya kisu cha machungwa.

Ijumaa, 11 Julai
Kumbe Badru alikuwepo dukani. Habari zimenitangulia kwa pikipiki. Nilimkuta Mzee Sabiri ameshaambiwa hadi harufu ya fenesi. Nikainama nikisubiri matusi. Mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema mwongo hodari angemtia hofu, lakini mimi nadanganya vibaya mno, binti yake atanijua siku zote. Kakubali! Zuleha kachekea nyuma ya pazia.

Sharti moja tu: nisishike bisibisi ndani ya nyumba yake maisha yangu yote. Nikaapa kwa Mola wangu.

Akatoka kwenda kuwaita wazee washuhudie, akaniacha sebuleni na chai na feni yake mpya. Feni inalia kwii, kwii. Wazee watakaa vipi na kelele hizo? Nikaichungulia kwa nyuma. Kikaratasi cha waranti kipo, na skrubu ni nne tu.

Nimeapa kutoshika bisibisi. Kijiko cha chai hakikutajwa.