Wananchi Sitini wa Kaloki

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye nguzo ya stima pale Soko la Toi, kati ya tangazo la daktari wa mapenzi na la chumba cha kupangisha, na watu walipita bila kulitazama. Kaloki alilisoma mpaka sahihi ya chini. Hakuwahi kudharau karatasi ya serikali maishani mwake. Chumba alichoishi, chakula alichokula na koti alilovaa asubuhi hiyo, vyote vilitokana na karatasi za serikali, ingawa hakuna hata moja iliyotoka serikalini.

Tangazo lilisema kwamba barabara itatengewa njia maalum ya mabasi, kuanzia Kawangware 46, ishike Ngong Road mpaka Toi. Gari lingine lolote likikanyaga humo, dereva atajieleza mahakamani. Lakini kwanza wananchi walialikwa kutoa maoni: Jumanne Kibera, Alhamisi Kawangware. Na chini kabisa, kwa herufi nzito: "Maoni ya wananchi yatazingatiwa."

Sentensi hiyo Kaloki aliirudia mara mbili. Mtu mwingine angefikiria barabara. Yeye alifikiria wananchi. Maoni yao yanatakiwa, na wenyewe wako kazini wakitafuta unga. Basi lazima awepo mtu wa kuwaleta, na haingekuwa haki mtu huyo afanye kazi ya kizalendo namna hiyo kwa tumbo tupu.

Inafaa ieleweke kwamba Kaloki hakuwa mwizi. Alikuwa mkandarasi wa umati. Ukiwa na harambee isiyo na watu, au kampeni isiyo na wafuasi, au mazishi ya tajiri ambaye hata wanawe hawakumpenda, ulimpigia simu. Alikuwa na watu wa makofi, watu wa kunung'unika, na kwa bei ya juu kidogo, mtu wa kulia. Mazishi matatu yalikuwa yameokolewa na mtu huyo wa kulia.

Alianzia kwa Abdulmajid, mzee wa Kinubi mwenye safu ya maduka yanayotazama Ngong Road. Miaka kadhaa iliyopita mzee alizisogeza veranda zake hatua tatu mbele, zikaingia katika ardhi ya barabara. Hakuna aliyesema kitu, na kimya hicho yeye alikichukua kama hati ya kumiliki.

"Mzee, umeona hii ramani?" Kaloki alitandaza karatasi mezani. "Leni ya mabasi inapita pembeni kabisa. Hii laini nyekundu iko hapo umeweka miguu."

Abdulmajid aliinua miguu kidogo.

"Na ni nani anataka hiyo leni?"

"Hakuna mtu. Shida ni kwamba hakuna wa kwenda kusema hakuna mtu."

"Wewe unaweza kupata watu wa kusema?"

"Sitini. Tena wamekasirika tayari."

"Wamekasirishwa na nini?"

"Hiyo tutawaambia, mzee."

Mzee alitoa nusu ya malipo. Nusu nyingine ingetoka mkutano ukiisha, akisharidhika na hasira.

Mchana Kaloki aliiegesha pikipiki yake Kawangware 46, ofisini kwa Nyawira. Mama huyu alikuwa amechukua mkopo akanunua mabasi manne makubwa, mapya, yenye milango upande wa kushoto kama mabasi yote ya mji huu. Njia ya pembeni ilikuwa kama imechorwa na mtu wa kwao: basi linasimama kando, mlango unafunguka, abiria anashuka moja kwa moja hadi kwenye njia ya miguu.

"Madam, nina habari mbaya," Kaloki alisema, akaketi bila kuambiwa. "Watu wa Kibera wamepangwa wapinge leni yako. Kuna mtu mahali anawalipa."

Alisema hivyo kwa uchungu wa kweli. Wanaomfahamu wanasema macho yalilengwalengwa na machozi.

"Watu hawana haya, aki!" Nyawira aligonga meza. "Watu wa kulipwa? Kwa jambo la wananchi?"

"Ndiyo dunia, madam. Lakini mimi nina sitini wa kuunga mkono. Hao wetu tutawapatia tu nauli."

"Nauli ni sawa," Nyawira alisema. Naye akatoa nusu.

Sasa zilibaki nyuso sitini zenyewe, na njia ya kuzipata ilipitia kwa Wayua, ambaye ndiye aliyekuwa mtu wa kulia. Siku zisizo na mazishi Wayua aliuza viatu vya mitumba pale kando ya barabara, mbele ya veranda za Abdulmajid, kwenye turubai la buluu. Alikuwa amekaa mahali hapo miaka kumi na mmoja. Nusu ya walimu na makarani wa mtaa wa Nyayo Highrise walikwenda kazini na viatu vyake, na alikumbuka miguu yao kuliko majina. Alitoka Kitui, upande mmoja na mamake Kaloki, kwa hiyo Kaloki alimwita anti na alimlipa vizuri kidogo kuliko wengine.

"Anti, kuna kazi. Natafuta sitini."

"Tunapinga ama tunaunga?"

"Jumanne mnapinga. Alhamisi mnaunga."

"Basi hizo ni kazi mbili," Wayua alisema, akipiga kiatu brashi. "Na tunalipwa kabla. Mimi sijawahi kulia kwa deni, machozi hayatoki."

Kaloki alilalamika kwa dakika kumi, kama inavyopasa, kisha akalipa. Alikuwa amepokea nusu mbili, na mtu mwenye nusu mbili hujiona amekamilika.

Mazoezi yalifanyiwa katika kanisa la mabati ambalo siku za kazi lilikodishwa kwa shughuli yoyote isiyokuwa na pombe. Kaloki alifundisha vizuri, hilo hatuwezi kumnyima. Aliwaambia wasikae pamoja kama watu waliotoka kwa gari moja. Ukitaka maiki, inua mkono kabla swali halijaisha, maana wanaongoja swali liishe hawasikizwi hata siku moja. Anza kwa jina lako, mahali unapokaa na miaka uliyokaa. Miaka inawaogopesha watu wa ofisi. Na ukimaliza kusema, sema "Andika hiyo," usikae chini mpaka uone kalamu imesonga.

"Kitu haijaandikwa haijasemwa," aliwaambia. "Mnaskia? Hata mkilia namna gani."

Aliwapa sababu za kupinga na sababu za kuunga, na kuonyesha mahali leni itapita alitundika ramani ukutani. Wayua aliisogelea. Alifuata laini nyekundu kwa kidole kutoka Kawangware, akapita kona, akashuka na Ngong Road, na kidole kikasimama.

"Hii si ni kwangu?"

"Wapi?"

"Hapa. Hii laini imelala kwa turubai yangu."

"Anti, hiyo ni mchoro tu."

"Na haiwezi kupita hapa katikati ya barabara?"

"Hiyo si swali letu," Kaloki alisema. "Sisi tuna pande mbili tu. Katikati hakuna mtu amelipia."

Wayua alikuwa ameogopa, na haikuwa ile hofu anayoijua kuigiza. Ilikuwa hofu ya kawaida ya mtu anayejua bei ya kila kitu kilicho nyumbani kwake. Aliomba akae na ramani siku mbili tatu, na Kaloki, mwenye nakala nyingi, alimpa.

Jumatatu jioni tangazo jipya lilibandikwa juu ya lile la zamani. Mikutano yote miwili imeunganishwa kuwa mmoja, Jumamosi, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa kijamii karibu na Nyayo Highrise. Sababu iliyotolewa ilikuwa bajeti ya viti.

Mtu mdogo angezirudisha pesa. Kaloki alikwenda ukumbini, akauangalia, akaketi viti vya mbele, akageuza shingo, akaona kwamba mtu aliyeketi mbele anasikia vizuri lakini haoni kitu nyuma bila kujiaibisha. Basi wateja wake wawili watakaa mbele, mmoja kila upande, kama wageni wa heshima. Watu sitini watakaa nyuma. Mtu akipinga, wote wapige kelele. Mtu akiunga, wote wapige kelele. Kila mteja atasikia kelele zake na kuridhika.

"Zote mbili siku moja?" Wayua aliuliza alipoelezwa.

"Zote mbili. Halafu mnaenda nyumbani."

"Sawa. Tutafanya zote mbili."

Wiki hiyo alionekana akizunguka kwa watu wake mmoja mmoja, ramani kwapani. Kaloki alipoambiwa alifurahi sana. Si kila mfanyakazi anayekwenda na kazi nyumbani.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mbali na wale sitini kulikuwa na wananchi wengine saba, wakiwemo wateja wake wawili, na wanne waliokuwa wakikimbia jua. Nyuma ya meza alikaa injinia aliyetumwa na ofisi ya barabara, mama mmoja mtulivu aitwaye Maggie, na karani wake mwenye kalamu. Mlangoni walisimama askari wawili. Kaloki alipanga viti, akawaketisha Abdulmajid na Nyawira mbele, akajisimamisha ukutani.

Mambo yalikwenda kama yalivyofundishwa. Fundi mmoja wa viti vya magari alisimama akasema leni itabomoa maduka, na ukumbi ukalipuka. Abdulmajid alitikisa kichwa kwa furaha. Muuza chapati mmoja akasimama akasema bila leni ataendelea kuamka saa kumi ili afike mjini saa mbili, na ukumbi ukalipuka tena. Nyawira alijipepea kwa kijikaratasi, ametulia. Walipinga kwa nguvu, wakaunga kwa nguvu, wakarudia.

Injinia Maggie alitazama daftari la karani.

"Nimeandika kwamba wananchi wanapinga kabisa, na wananchi wanaunga kabisa," alisema. "Sasa naomba mnisaidie. Labda tuinue mikono. Wale wana..."

Mkono wa Wayua ulikuwa juu tayari.

Alipewa maiki. Kaloki alimfanyia ishara ya kukohoa, kisha ya kukaa, kisha ishara ambayo haikuwa katika mazoezi.

"Naitwa Wayua. Nakaa Kibera, nauza viatu hapo Toi, miaka kumi na moja," Wayua alisema. "Sisi hatukatai leni. Watu wachelewe kazini mpaka lini? Lakini mkiipitisha pembeni mnatumaliza. Pembeni ndiyo tunauzia, na ndiyo watoto wanatembelea wakienda shule. Katikati hapo kuna maua yamekauka tu, na hakuna mtu anauzia maua. Pitisheni katikati. Andika hiyo."

"Andika hiyo!" sauti sitini zilisema, kutoka kila pembe ya ukumbi, kwa sababu hawakuwa wamekaa pamoja.

Wayua hakukaa chini mpaka kalamu iliposonga.

"Mchoro wa katikati upo," Injinia Maggie alisema polepole. "Ulikaa kwa droo kwa sababu hakuna mtu aliuliza. Wanaotaka katikati, mikono?"

Abdulmajid aligeuza shingo bila kujali aibu. Aliiona mikono, akafikiria veranda zake zimebaki zilipo, na wa kwake ukapanda pia. Nyawira aliruka. Kituo cha katikati kingekuwa upande wa kulia wa basi, na mabasi yake manne upande huo yalikuwa na madirisha tu.

"Hawa watu wameletwa!" alipiga kelele. "Si wananchi, wameletwa!"

Injinia Maggie aliweka kalamu ya karani chini kwa mkono wake mwenyewe.

"Kama wameletwa, haya yote ni bure. Tunafuta, tunaanza mwezi ujao na ule mchoro wa pembeni. Na aliyewaleta ataondoka na hawa askari. Wameletwa na nani, mama?"

Nyawira alifungua mdomo, akakumbuka nauli, akaufunga.

"Wewe kijana hapo ukutani," injinia alisema. "Nimekuona ukipanga viti. Ni wewe umewaleta?"

Kaloki alimtazama Abdulmajid, aliyekuwa akisubiri jibu kwa hamu isiyo ya kawaida. Alimtazama Nyawira. Aliwatazama askari.

"Hakuna mtu ametuleta," Wayua alisema. "Mimi nimekuja na miguu yangu."

"Na yangu," alisema fundi wa viti. "Na yangu," alisema wa chapati, na neno hilo likazunguka ukumbi mzima.

"Kijana?"

"Mimi, madam?" Kaloki alisema. "Mimi sijaleta mtu hapa. Nimekuja tu kusikiza."

"Basi weka sahihi kama wengine."

Kaloki alisaini orodha ya wananchi, wa sitini na nane. Waliomjua walisema hiyo ndiyo sahihi yake ya kwanza yenye jina lake.

Abdulmajid alikuwa akimngoja nje, mtulivu kabisa.

"Ile nusu yetu iliyobaki, mzee," Kaloki alianza. "Si veranda imepona?"

"Imepona. Lakini nimeskia na maskio yangu ukisema hukuleta mtu. Sasa mimi nilikulipia nini? Rudisha."

Nyawira hakutoa hoja. Alikuja na makondakta wawili. Pesa zilikuwa zimeshakwenda kwa watu sitini, kabla ya kazi, kama walivyokubaliana, kwa hiyo simu ya Kaloki ilikwenda kwa mzee, na koti lake, pamoja na pikipiki aliyoipenda kuliko ndugu, vikaelekea Kawangware.

Jumatatu alikwenda kwa Wayua kwa miguu. Alimkuta ameinama akimvisha karani mmoja kiatu.

"Anti, mmenimaliza. Nirudishieni hata nusu."

"Kwani hatukupinga?"

"Mlipinga."

"Hatukuunga?"

"Mliunga, anti, lakini ile ya katikati..."

"Ile ya katikati hatukukuitisha hata shilingi," Wayua alisema, akimfunga karani kamba. "Sasa songa kidogo, umezibia wateja."