Kunde Ndani ya Mlango

Jumatatu, 7 Aprili

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote. Naliandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo. Mlango wa gari la Baba mdogo Ngolo umebonyea kwa sababu yangu.

Aliyeubonyeza hasa ni kondoo dume. Lakini mwenye zamu ya kumfunga nilikuwa mimi, na nilikuwa nasoma. Mlango nao niliung'arisha mimi asubuhi hiyo hiyo, mpaka kondoo akaona humo kondoo mwingine mwenye pembe kama zake. Akarudi nyuma hatua sita. Nilidhani anaondoka.

Bonde ni la ukubwa wa bakuli la uji. Mlango wa dereva.

Nimelifunika gari kwa turubai. Baba mdogo yuko Bamako kwa shughuli zake, atarudi Alhamisi ya wiki ijayo. Ufunguo aliniachia mimi. Boma letu hapa Koutiala lina watu ishirini na watatu, na ndani ya ile Mercedes ndipo mahali pekee mtu anapoweza kusoma kurasa mbili bila kutumwa chumvi. Alisema: Sitan, gari likikaa salama, ufunguo ni wako mpaka mitihani ya Juni. Lisipokaa salama, hakusema. Si mtu wa maneno mengi.

Siku kumi. Zinatosha.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda kwa jirani yetu Fousseyni Keita, fundi wa bodi. Nikasema kuna rafiki yangu ana mlango uliobonyea.

Kabla sijamaliza salamu akaniuliza kama huu upepo mbaya wa leo umetoka kwetu. Sisi kina Coulibaly ni watani wa kina Keita tangu enzi za mababu, na kwa Keita yeyote Coulibaly ni mla kunde, kama kwa Coulibaly yeyote Keita alivyo mtumwa. Kazi ya Coulibaly ni kujibu papo hapo. Mimi jibu hunijia likiwa limechelewa. La leo limenijia saa nzima baadaye, nachota maji: huo ni upepo wa hisani, tumewapelekea watumwa wetu wapate angalau harufu ya chakula.

Fousseyni akasema kwa Coulibaly hadai malipo. Ana sharti moja tu. Mwenye mlango aje jioni pale nje ya karakana majirani wanaponywea chai, asimame mbele ya wote, aseme: "Mimi ni Coulibaly, na nala kunde." Baba mdogo anangojewa aseme hivyo kwa miaka ishirini. Mwaka juzi alivunja taa ya nyuma, na hadi leo anaiziba kwa mfuko mwekundu wa nailoni.

"Mwambie huyo rafiki yako," Fousseyni akasema, "kunde haziui."

Wanywa chai waliokwisha kufika wakacheka. Nikasema nitamwambia. Nikajikwaa kwenye bampa wakati wa kutoka.

Kusimama mbele ya wanywa chai siwezi. Darasani nikiitwa ubaoni, mkono unaandika lakini sauti inabaki kwenye dawati.

Jumatano, 9 Aprili

Bibi Niélé huwaumika wagonjwa wa mgongo kwa pembe ya ng'ombe. Joto humaliza hewa ndani, ngozi inavutwa juu. Nimemwona mara nyingi. Nikajiuliza bati lina tofauti gani na mgongo.

Pembe huilalia chini ya mto. Nikachukua glasi za chai. Nikawasha karatasi ndani ya glasi, nikaikandamiza juu ya bonde. Ya kwanza ikaanguka. Ya pili ikashika kabisa. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, nikasikia kitu kikiachia.

Ilikuwa glasi.

Sasa ndani ya bonde kuna duara la rangi iliyoungua. Linafanana na jicho. Linaniangalia.

Alhamisi, 10 Aprili

Ugunduzi. Kitabu cha sayansi, ukurasa wa 88: mbegu kavu ikinywa maji huvimba kwa nguvu inayoweza kupasua mwamba. Nimeusoma ukurasa huo mara tatu. Mlango wa Mercedes si mwamba.

Nimengoja watu walale mchana. Nimeubandua ubao wa ndani wa mlango kwa kijiko cha supu. Vishikizo kumi na viwili, nimevunja vitatu tu. Nikajaza mfuko wa unga kwa kunde za Bibi, vibaba viwili, nikaushindilia nyuma ya bonde. Kusema kweli ningependa mtama, kwa sababu ya heshima ya familia, lakini punje zake ni ndogo. Vitundu vya kutolea maji chini ya mlango nimeviziba kwa unga uliokandwa. Maji nimeyamimina kwa birika la chai, lina mdomo mwembamba kama limetengenezwa kwa kazi hii. Ubao nimeurudisha.

Kilichobaki ni kungoja. Nimeosha kijiko.

Ijumaa, 11 Aprili

Alfajiri nimesikia bati likilia, puk. Nikakimbia bila viatu.

Bonde liko pale pale, na jicho lake. Ila shubiri moja kando yake pameota nundu, kama shavu la mtoto mwenye pipi. Kwa hiyo kitabu hakikusema uongo. Nguvu ipo. Tatizo ni upande iliochagua kwenda.

Kioo kimekwama katikati. Nikajaribu kuutoa ubao, nao umevimba. Kijiko kimepinda.

Jumapili, 13 Aprili

Gari linanuka. Nimesema ni kondoo.

Bibi amepima kunde zake, ameona zimepungua. Hakuuliza mtu. Amekwenda moja kwa moja kwa Fousseyni, mbele ya wanywa chai, akamwambia Keita mchana anatutukana kwa kunde na watu wakilala anakuja kuziiba. Fousseyni alifurahi mno. Aliapa kwamba angekula ndala zake kwanza, zote mbili. Bibi akamjibu ndala ndicho chakula kizuri kuliko vyote alivyowahi kumwona nacho. Hivyo tu, bila hata kuvuta pumzi. Mimi ni mjukuu wake. Sijui kipaji hicho kilipotelea wapi njiani.

Mtu amesingiziwa kwa sababu yangu. Sikuweza kula.

Jumanne, 15 Aprili

Zimeota.

Miche kumi na mmoja, myeupe, imetokeza kwenye mwanya ambamo kioo hushukia. Nimeikata kwa mkasi wa kushonea.

Jumatano, 16 Aprili

Miche ishirini na sita. Mingine ina majani. Chini ya turubai, gizani, bila mtu kuihudumia. Ingekuwa shambani ningeisifu.

Nimekata tena. Mkasi umekuwa butu. Kesho anarudi.

Alhamisi, 17 Aprili

Baba mdogo amefika alasiri. Fousseyni na wanywa chai walimsindikiza kutoka kituoni, wamembebea mizigo. Waliingia wote pamoja.

Kondoo alikuwa amelivuta turubai mpaka chini. Alikuwa anakula mlango wa dereva.

Fousseyni akainama, akachuma jani moja lililoota tena usiku, akalitafuna polepole.

"Ngolo, ndugu yangu," akasema. "Wewe ulituaga unakwenda Bamako. Kumbe ulikuwa unangojea mvua."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye mizigo. Bibi akaangalia majani, halafu akaniangalia mimi. Baba mdogo akanyoosha kiganja. Nikaweka ufunguo pale.

Fousseyni akasema ataunyoosha mlango huo hata leo, sharti ni lile lile. Kila mtu akamgeukia Baba mdogo. Akasema gari litatembea hivyo hivyo. Fousseyni akamuuliza, hata kwenda harusini Sikasso? Akasema hata Sikasso. Lakini alikuwa anautazama mlango kama mimi ninavyotazama ubao nikiitwa. Miaka ishirini, na ningekuwa mimi niliyemfikisha pale.

Nikasema kondoo sikumfunga. Nikasema glasi ni mimi, kunde ni mimi, na Fousseyni hakuiba. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. Kwa kuwa ilikuwa imeshatoka, nikaendelea.

"Mimi ni Coulibaly, na nala kunde."

Fousseyni akaweka mkono sikioni, eti wa nyuma hawakusikia. Nikarudia. Akauliza, "Na ni tamu?"

Jibu likaja. Lilikuja wakati huo huo, sikulitafuta.

"Kunde zetu zinaota hata kwenye chuma. Za kina Keita hazioti hata shambani."

Bibi alipiga kigelegele. Fousseyni alinishika mkono kwa mikono miwili, kama anavyowasalimu watu wazima.

Baba mdogo aliingia ndani na ufunguo. Si mtu wa maneno mengi.

Jumamosi, 19 Aprili

Mlango umepona. Fousseyni aliukwangua ndani kwa upawa wa wali, akatoa ndoo nzima ya kunde zilizooza. Halafu akaomba mchi wa kutwangia na mfuko wa mchanga. Mchanga nje, mchi ndani, mapigo kumi na tisa ya taratibu. Niliyahesabu. Bonde likatoka, nundu ikarudi ndani. Jicho tu ndilo limebaki, linangoja rangi.

Mchi, na upawa. Kwa hiyo nilikuwa sahihi tangu mwanzo kwamba kazi hii ni ya vyombo vya jikoni. Nilikosea chombo tu.

Baada ya chakula Baba mdogo aliuweka ufunguo juu ya kitabu changu. Akasema kwanza niape sitatengeneza tena kitu chochote ndani ya gari lile. Niliapa mbele ya Bibi. Nilimaanisha.

Nimesoma kurasa arobaini leo. Raha kabisa, ila kwa kioo. Kinashuka sasa, lakini kinalia kama bata kila nikikifungua nipate hewa, na fikra zote zinatawanyika. Kinahitaji kulainishwa tu. Nimetazama kamusi ya shule: kulainisha na kutengeneza viko kurasa mbalimbali kabisa.

Alasiri Baba mdogo alikwenda msikitini. Nilichukua bamia saba jikoni, nikazikatakata, nikazikoroga na maji mpaka zikavutika vizuri. Nikazitia kwenye birika la chai. Nikamfunga kondoo, mafundo mawili. Nikafungua mlango wa dereva, nikaelekeza mdomo wa birika kwenye mwanya wa kioo, nikamimina.